Surua ya Sili

Yuko mnyama wa baharini ambaye wengi wetu, hata sisi tuliokulia karibu na maji ya chumvi, hatujapata kumwona kwa macho. Pwani yetu ina nguva, pomboo na nyangumi wapitao, lakini sili hana. Yeye ni mnyama wa maji ya baridi. Ananyonyesha, anapumua hewa kama wewe na mimi, anaogelea kwa mapezi yaliyokuwa miguu, na macho yake ni makubwa na meusi kiasi kwamba anayemtazama hudhani anatazamwa na mtoto wa binadamu. Macho hayo yamemletea sili marafiki wengi, na marafiki hao, kwa nia njema kabisa, wamemjengea mahodhi. Ni habari za mahodhi hayo ninazotaka kuzieleza hapa, na maradhi yaliyoingia humo. Kwa maana nimeona kwamba ukiyafuata maradhi ya mnyama aliyefungwa, hatimaye yanakufikisha kwa yule aliyemfunga.

Kaskazini mwa Uholanzi na Ujerumani, hadi magharibi mwa Denmark, kuna bahari ya maji mafupi iitwayo Bahari ya Wadden. Mtu wa pwani yetu angeielewa mara moja. Maji yakipwa, huonekana mafungu ya mchanga na matope, na mtu anaweza kutembea mahali ambapo saa chache kabla mashua ilipita. Yakijaa, yote yanafunikwa. Juu ya mafungu hayo sili hupanda kuota jua na kuzaa. Kwa karne nyingi watu wa huko waliwawinda kwa ajili ya ngozi na mafuta, na kwa kuwa waliwaona ni washindani wao katika uvuvi. Uholanzi ilipiga marufuku uwindaji huo mwaka 1962, na ilipofika miaka ya 1970 sili waliobaki katika maji ya nchi hiyo walikuwa mia chache tu.

Mwaka 1971, katika kijiji kidogo cha Pieterburen, mwanamke aitwaye Lenie 't Hart alianza kuwapokea watoto wa sili waliookotwa ufukoni. Mtoto wa sili aliyepotezana na mama yake, labda kwa dhoruba, labda kwa kusumbuliwa na watu na mashua, hulia sana. Waholanzi humpa jina lenye maana ya mliaji. Pieterburen waliaji hao walilishwa, wakatibiwa, na walipopata nguvu wakarudishwa baharini. Kazi hiyo ilipata sifa, na vituo vya namna hiyo vikawapo katika nchi kadhaa za Ulaya. Mwanzo wake ulikuwa huruma tupu, na sioni sababu ya mtu kuidharau.

Lakini huruma ina hesabu zake. Mtoto wa sili peke yake juu ya fungu la mchanga ana upepo, maji ya chumvi na nafasi. Akiletwa kituoni anakutana na wenziwe waliotoka pande mbalimbali za pwani, kila mmoja na kilichomo mwilini mwake. Wote wamedhoofika, maana wasingekuwa dhaifu wasingeletwa. Wanapumua hewa moja, wanashikwa na mikono ileile, na samaki wao hutoka katika ndoo zilezile. Hofu nayo hupunguza kinga ya mwili; na mnyama wa porini aliyezungukwa na kuta ana hofu hata kama anayemkaribia amebeba chupa ya maziwa.

Mwaka 1984, katika kituo kimoja cha kulea watoto wa sili nchini Uholanzi, ugonjwa wa ghafla uliwapata. Kati ya watoto 23 walikufa 11. Walipopasuliwa, mapafu yao yalikutwa na nimonia na maini yao yameharibika. Wataalamu, miongoni mwao Albert Osterhaus, walivipata virusi vya kundi la herpesi, kundi lenye ndugu wengi kwa wanyama na kwa watu pia. Virusi hivyo havikuwa vimetambuliwa kwa sili kabla ya hapo. Jambo moja hapa linafaa kutafakariwa. Baharini, sili mmoja akifa kwa kirusi, wimbi humchukua na hakuna anayejua. Katika hodhi anakufa mbele ya mtu mwenye daftari. Hivyo hodhi lilelile lililowakusanya watoto wale hata ugonjwa ukapita baina yao ndilo lililotufundisha kwamba ugonjwa huo upo.

Mafunzo hayo yalihitajika upesi kuliko ilivyodhaniwa. Mwezi wa Aprili mwaka 1988, katika kisiwa cha Anholt, kilichoko baina ya Denmark na Sweden, majike ya sili yalianza kuharibu mimba. Kisha wakubwa wakaanza kukohoa na kutokwa makamasi na machozi, wakashindwa kupiga mbizi, wengine wakapatwa na degedege, wakafa. Ugonjwa ulifuata pwani kwenda Sweden, Ujerumani, Uholanzi na Norway, ukavuka hadi Uingereza. Kabla mwaka haujaisha, sili zaidi ya 17,000 walikuwa wamekufa. Majira hayo ya joto watu waliokwenda ufukoni kupumzika walikuta mizoga.

Kila msiba hutafutiwa mchawi. Wengi waliulaumu uchafu wa viwanda uliomiminwa katika Bahari ya Kaskazini kwa miaka mingi, na lawama hizo hazikukosa sababu. Wataalamu nao kwanza waliwaza juu ya herpesi, kwa kuwa walikwisha kuijua, na kweli ilipatikana katika baadhi ya mizoga. Lakini herpesi haikutosha kueleza vifo vya maelfu. Mwaka huohuo Osterhaus na mwenzake walitangaza katika jarida la Nature kwamba damu ya sili wagonjwa ilionyesha dalili za kirusi cha jamii ya distempa, ugonjwa wa mbwa unaojulikana sana na madaktari wa mifugo. Uchunguzi wa baadaye ulibainisha kwamba hakikuwa kirusi cha mbwa chenyewe bali ndugu yake wa karibu, kirusi cha sili. Inaaminika kililetwa na sili wa Greenland, ambao miaka ile walishuka kusini kwa wingi usio wa kawaida. Damu yao iliyohifadhiwa tangu kabla ya mwaka 1988 ilionyesha kwamba walikwisha kukutana nacho. Wale wa kaskazini walikuwa wamezoeana na kirusi hicho. Sili wa Bahari ya Wadden hawakuwa na kinga nacho hata kidogo.

Hapo ndipo habari ya mnyama nisiyepata kumwona ilipogeuka kuwa habari ya nyumbani. Kirusi cha distempa ni wa ukoo mmoja na kirusi cha surua, na ukoo huohuo ndio uliomzaa sotoka. Mimi nimezaliwa katika jamaa ya wafugaji, na sotoka kwetu ni neno la kuhesabia miaka. Babu yangu mzaa baba hakuuona ule msiba mkubwa wa miaka ya 1890, lakini aliupokea kwa wazee wake kama mtu anavyopokea urithi: ng'ombe waliotokwa machozi na mapovu, mazizi yaliyobaki wazi, na watu waliokufa njaa baada ya ng'ombe. Sotoka aliingia Afrika ya Mashariki kutoka Uhabeshi, alikofikia mwishoni mwa miaka ya 1880 pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli. Wamasai walipoteza sehemu kubwa kabisa ya mifugo yao. Ng'ombe wale, kama sili wa Wadden, walikutana na mgeni ambaye miili yao haikumjua.

Na surua? Ni nani wa rika langu asiyeikumbuka? Nilipougua, bibi alinitenga katika chumba cha peke yangu, akafunika dirisha kwa kanga kwa sababu mwanga uliniumiza macho, na ndugu zangu wakakatazwa kukanyaga kizingiti. Bibi hakujua kusoma wala hakuwahi kusikia neno virusi. Alijua tu kwamba surua hupenda watoto waliokusanyika. Mwaka ule mtaani kwetu walizikwa watoto kadhaa, na nyumba zilizozika wawili zilikuwa zile zenye chumba kimoja.

Basi niliposoma kwamba sili hukohoa, hutokwa makamasi, macho yake hujaa tongo na hatimaye nimonia humwua, sikuona ajabu ya nchi za mbali. Niliiona surua. Elimu ya kitabibu imeweka majina tofauti kwa mtoto, ng'ombe, mbwa na sili, lakini ugonjwa wenyewe una sura ya ukoo, kama watu wa nyumba moja wanavyofanana pua.

Turudi Pieterburen. Mwaka 1988 kituo kilipokea sili wengi kuliko wakati wowote, na walezi walikuwa na swali zito: ukimwingiza mgonjwa ndani, unawaua waliomo, ukimfungia mlango, amekufa nje. Wataalamu walijaribu chanjo ya mbwa. Hawakuthubutu kutumia ile yenye virusi hai, kwa kuwa kirusi kilichodhoofishwa kwa ajili ya mbwa huenda kingepata nguvu katika mwili wa sili. Walitumia chanjo ya virusi vilivyouawa. Sili waliochanjwa walistahimili walipokutanishwa na kirusi chenyewe. Hivyo maarifa yaliyopatikana kwa mbwa wa kufugwa yaliwakinga wanyama wa baharini, nasi tusisahau kwamba huku kwetu, huko Muguga karibu na Nairobi, Walter Plowright na wenzake walikuwa wametengeneza karibu na mwaka 1960 chanjo ya sotoka ambayo baadaye iliisaidia dunia kuumaliza ugonjwa huo. Mwaka 2011 sotoka alitangazwa kuwa ametokomezwa. Baada ya ndui, huo ni ugonjwa wa pili katika historia kutokomezwa kabisa.

Lakini chanjo ya sili ilikuwa ya waliofungwa tu. Hakuna aliyeweza kuwafuata maelfu waliokuwa juu ya mafungu ya mchanga. Hao wa nje walipita katika moto wenyewe. Waliopona wakazaa, na bahari ikajaa tena. Mwaka 2002 ugonjwa ulirudi, na jambo la kushangaza, ulianzia palepale Anholt. Safari hiyo waliokufa walipita 20,000. Hata hivyo, miaka kumi na kitu baadaye, wale waliohesabiwa kutoka angani katika Bahari ya Wadden walikuwa tena zaidi ya 20,000. Ukitazama hesabu hizo bila upendeleo utakiri kwamba si vituo vilivyoirudisha jamii ya sili. Kilichoirudisha ni kuacha kuwawinda, na nguvu ya kuzaa ambayo Mungu amewapa.

Ndiyo maana ubishi ulizuka, na ni ubishi wa kweli. Mwaka 1990 Uholanzi, Ujerumani na Denmark zilitia saini mapatano ya kuwahifadhi sili wa Bahari ya Wadden. Mapatano hayo yalikataza kuwakamata, ila yaliruhusu taasisi maalumu kuwachukua wagonjwa, dhaifu na watoto walioachwa, kwa sharti la kuwarudisha wakipona. Upande mmoja ulisema: ukimwona kiumbe anateseka na una uwezo wa kumsaidia, kumpita ni ukatili. Upande wa pili ulijibu: unamrudisha baharini sili aliyekaa na wenziwe wa pande zote katika hodhi moja, una hakika gani kwamba humrudishi na kitu ambacho bahari haikuwa nacho? Tena unawasaidia kuishi walio dhaifu, ambao maumbile yangewaondoa.

Nimewasikiliza wote wawili kwa muda mrefu, katika vitabu na katika mawazo yangu. Wa pili ana hoja nzito kuliko wengi wanavyopenda kukiri. Lakini naona amesahau jambo moja. Anazungumza kana kwamba kuna bahari upande huu na mtu upande ule, na ukuta katikati. Ukuta huo haupo. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 wataalamu wa Uholanzi waliwachukua sili wachanga 22 kutoka pwani ya Scotland isiyo na uchafu mwingi, wakawagawa makundi mawili. Kundi moja lililishwa samaki wa Bahari ya Baltiki iliyochafuliwa, jingine samaki wa Atlantiki. Baada ya zaidi ya miaka miwili, kinga ya mwili ya wale waliokula samaki wa Baltiki ilikuwa imepungua. Basi sili aliye huru kabisa, asiyepata kuguswa na mkono wa mtu, alikuwa tayari amemla mtu katika samaki wake. Na hili nalo tulilijua kwa kuwafunga wanyama 22 ambao hawakuwa wamemkosea mtu yeyote.

Wala tusidhani mambo haya ni ya Wazungu na baridi yao. Mwaka 1994 distempa ya mbwa iliingia Serengeti. Simba walionekana wakitetemeka na kuanguka kwa degedege, na kati ya simba wapatao 3,000 walikufa takriban 1,000. Ushahidi ulielekea kwa mbwa wa vijiji vinavyoizunguka hifadhi. Mwenye mbwa alikuwa mtu aliyelinda mbuzi wake usiku, hakuwa na ubaya na simba. Serengeti haina ukuta, na hata ingekuwa nao, kirusi hakisomi mabango ya hifadhi. Baada ya hapo jitihada zilifanywa kuwachanja mbwa wa vijijini, na kwa maoni yangu ni kazi ya heshima sawa na kumwokoa simba mwenyewe.

Vilevile magonjwa hayatembei njia moja tu, kutoka kwa mtu na mifugo yake kwenda porini. Katika miaka ya 1979 na 1980 sili zaidi ya 400 walikufa karibu na Cape Cod, Marekani, kwa mafua yaliyotokana na ndege. Watu walioishughulikia mizoga waliugua macho. Sili mmoja aliyekuwa ameambukizwa kwa ajili ya utafiti alimpigia chafya usoni mtafiti aliyemshika, na baada ya muda mfupi jicho la mtafiti likavimba. Kirusi kilekile kikapatikana ndani yake. Alipona. Mwishoni mwa mwaka 2020, katika kituo kimoja cha kuokoa wanyamapori nchini Uingereza, mafua ya ndege yalianza kwa mabata maji wakubwa waliokuwa katika karantini, kisha yakawafikia mbweha na sili waliokuwa wakiuguzwa hapohapo, nao wakafa. Bata na sili hukutana mara chache sana kwa karibu namna hiyo katika maisha yao ya porini. Waliwakutanisha watu waliotaka wote wapone. Na mwaka 2023, katika rasi ya Valdés nchini Argentina, ambako hakuna hodhi, mafua ya jamii hiyo yaliua watoto wa sili tembo wanaokadiriwa kupita 17,000.

Sasa nifikie ninachotaka kusema. Wako wanaohitimisha kutokana na haya kwamba tusimguse mnyama wa porini kamwe. Wako wanaohitimisha kwamba tuguse kila anayelia. Mimi naona kwamba kumwingiza kiumbe ndani ya kuta zako ni amana, na amana si hisia ya moyo. Ukimchukua mtoto wa jirani usiku wa mvua, hujamaliza wema wako kwa kumfungulia mlango. Umejitwika chakula chake, usalama wake, na ugonjwa wake ukiwapo. Mwenye kumfunga sili kwa sababu ya kumwonyesha kwa watu wenye tiketi anadaiwa amana hiyo hiyo, tena zaidi, kwa sababu sili wake hakuwa akilia alipochukuliwa.

Na amana hii haitimizwi kwa machozi. Katika vituo vilivyojifunza kutokana na miaka ya 1984 na 1988, sili mgeni hakutanishwi na wengine siku anayofika. Hukaa peke yake mpaka ajulikane ana nini. Kila chumba kina ndoo yake na brashi yake. Mlezi anapotoka kwa mmoja kwenda kwa mwingine hukanyaga dawa kwa viatu vyake na huosha mikono, hata kama mgonjwa wa pili analia kwa njaa na macho yake meusi yanamtazama mlangoni. Naamini bibi yangu angeielewa kazi hiyo bila kuelezwa. Mtu asiyejua habari hizi angepita pale, amwone mlezi anainama kusugua viatu wakati mtoto analia, adhani hana huruma.